Kutoka spiriti hadi plastiki: ethilini ni rahisi, propilini ni mtihani

Ukiingia kwenye chumba cha kisasa cha kuivishia ndizi, kile chenye mlango mzito kama wa jokofu la buchani, utakuta kisanduku kidogo kimechomekwa kwenye umeme. Mfanyakazi hukijaza kimiminika kinachonukia spiriti, hukiwasha, hufunga mlango na kwenda zake. Siku chache baadaye ndizi zilizoingia kijani zinatoka za njano, zote kwa mkupuo. Humo kisandukuni hamna mtungi wa gesi. Mna kichocheo kilichopashwa moto, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuliwa, na mvuke wa spiriti ukikipitia unaachana na maji yake, inabaki ethilini. Ni gesi ileile ambayo tunda bivu huitoa lenyewe, na ndiyo sababu embe moja bivu likifukiwa kwenye ndoo ya mabichi huyaambukiza yote. Ndizi hazihitaji nyingi: sehemu 100 hadi 150 katika kila sehemu milioni za hewa zinatosha.

Kisanduku hicho kina ndugu yake mkubwa kusini mwa Brazili, mji wa Triunfo, jimbo la Rio Grande do Sul. Kampuni ya Braskem ilizindua kiwanda hicho mwaka 2010, kikiwa na uwezo wa tani 200,000 za ethilini kwa mwaka, na mwaka 2023 kikapanuliwa hadi tani 260,000. Kinachoingia ni ethanoli ya miwa, yaani spiriti kwa jina lake la kitaalamu. Kinachotoka kinakwenda kuwa polithini. Kazi inayofanyika ndani ni ileile ya chumba cha ndizi: kuing'oa molekuli ya maji kutoka kwenye molekuli ya ethanoli.

Ukiishia hapo utadhani mambo ni mepesi, na kweli kwa ethilini ni mepesi. Kazi ipo kwa dada yake, propilini. Tofauti yao ni kaboni moja tu, na hiyo kaboni moja imewapa watafiti wa zeolaiti, mawe yenye vijitundu yanayotumika kama kichocheo, kibarua cha miongo kadhaa.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Olefini ni familia ya molekuli za kaboni na haidrojeni ambazo mahali fulani kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Mkono huo wa ziada ndio mali yenyewe, kwa sababu uko tayari kuachia na kumshika mwingine, na hivyo molekuli hizi huungana kwa maelfu kuwa minyororo mirefu ya plastiki. Ethilini ina kaboni 2, propilini 3, butini 4. Hizo ndizo olefini nyepesi. Ethilini inazaa mifuko, madumu na mabomba meusi ya maji. Propilini inazaa ndoo, vile viti vya plastiki vya kukodi tunavyokalia harusini na misibani, na viroba vilivyofumwa vya unga na mbolea.

Dunia ina uwezo wa kutengeneza zaidi ya tani milioni 200 za ethilini kwa mwaka, na karibu yote hutokana na mafuta na gesi asilia, vinavyopasuliwa pamoja na mvuke wa maji katika tanuri la nyuzi 800 na zaidi. Sehemu kubwa ya punje za plastiki zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam zilianza maisha yao hivyo, katika viwanda vya Ghuba. Lakini petroli ndiyo iliyokuja baadaye. Jina olefini lenyewe linatokana na kazi ya wakemia wanne wa Uholanzi, mwaka 1795, waliochemsha spiriti pamoja na asidi ya salfa, wakapata gesi, wakaikutanisha na klorini, yakatoka mafuta. Ikaitwa gesi izaayo mafuta. Kwa hiyo wanaosema ethilini ya spiriti ni uvumbuzi wa enzi hizi za mazingira wamechelewa zaidi ya miaka 200.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu jambo hili hugeuka hadithi nzuri tu. Molekuli ya ethanoli ina kaboni 2, haidrojeni 6 na oksijeni 1. Ukiitoa oksijeni pamoja na haidrojeni 2 umetoa maji, na kilichobaki, kaboni 2 na haidrojeni 4, ni ethilini. Kwa uzito, kilo 46 za ethanoli hutoa kilo 28 za ethilini na kilo 18 za maji, hata kama mtambo haukupoteza chochote. Kiwandani ni kama tani 1.7 za ethanoli kwa tani moja ya ethilini. Rudi nyuma zaidi, kwenye sukari: inapochachuka, karibu nusu ya uzito wake hupaa kama kaboni dayoksaidi. Ukizidisha hasara hizo mbili, kilo 100 za sukari haziwezi kukupa zaidi ya kilo 33 hivi za ethilini. Theluthi mbili za ulichovuna zimekwenda hewani au zimegeuka maji. Hakuna kichocheo kitakachobadilisha hilo, hata kitengenezwe na nani.

Waliosoma kemia sekondari wanaweza kukumbuka jaribio lake. Pamba ya madini iliyoloweshwa ethanoli inasukumwa mpaka mwisho wa tyubu ya kioo iliyolazwa. Katikati unawekwa unga au vipande vya oksaidi ya alumini. Moto unawashwa chini ya oksaidi, si chini ya pamba. Pamba inapata joto la kuazima tu, la kutosha kutoa mvuke polepole. Mvuke unapita juu ya ile oksaidi nyeupe, na upande wa pili mapovu yanapanda ndani ya tyubu iliyopinduliwa kwenye beseni la maji. Ukitia maji ya bromini yenye rangi ya chai ya rangi na kutikisa, rangi inafutika: mkono wa ziada umeachia na kuishika bromini. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuzima moto kabla ya kuchomoa mrija. Tyubu inapoa, maji ya beseni yanavutwa kurudi ndani, yanakutana na kioo cha moto, na hapo kioo kinapasuka.

Jaribio hilo lina somo jingine ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Joto likiwa dogo, molekuli mbili za ethanoli huachia molekuli moja tu ya maji na kubaki zimeshikana, na hiyo ni etha, ile iliyokuwa ikitumiwa zamani kuwalaza wagonjwa kwa upasuaji. Joto likipanda, kila molekuli inaachia maji yake na ethilini inatawala. Kiwandani mpaka uko karibu na nyuzi 300, ukisogea juu au chini kulingana na kichocheo. Tena utoaji wa ethilini hula joto. Kadiri kazi inavyoendelea ndivyo kitanda cha kichocheo kinavyopoa, kama sufuria ya ugali inavyopoa ukimimina maji baridi, na kikipoa mno etha inarudi. Sehemu kubwa ya ustadi wa viwanda vya ethilini ya ethanoli ni kulirudisha joto hilo, mara nyingi kwa kuichanganya ethanoli na mvuke wa maji uliopashwa sana.

Zeolaiti zinaingia hapa. Mwaka 1756 msomi wa madini wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alilichoma jiwe fulani akaliona linatoa mvuke kama linachemka. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kuchemka na la jiwe, ikawa zeolaiti. Jiwe lilikuwa limejaa vijitundu, na vijitundu vimejaa maji. Leo zinatengenezwa kwa wingi. Hata kwenye sabuni nyingi za unga zimo, zikiyalainisha maji magumu.

Muundo wake ni kuta za silikoni na oksijeni zilizojengwa kwa mpangilio usiobadilika, zikiacha vichochoro vyenye upana unaolingana na molekuli zenyewe. Katika zeolaiti maarufu kuliko zote kwenye kazi hii, ZSM-5, iliyosajiliwa na kampuni ya Mobil mwaka 1972, vichochoro vina upana wa nanomita 0.55 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Vingine vimenyooka, vingine vinakwenda kwa kupindapinda, na hukutana kwenye makutano yenye nafasi kubwa kidogo. Gramu moja ina eneo la ndani la takriban mita za mraba 400, karibu sawa na uwanja wa mpira wa kikapu, na unaishika kwenye ncha ya kijiko.

Kinachoifanya zeolaiti ifanye kazi ni kasoro ya kupangwa. Mahali ambapo palipaswa kukaa atomi ya silikoni, unaweka alumini. Alumini ina chaji pungufu kwa moja, kwa hiyo ukuta unabaki na deni la umeme, na deni hilo linalipwa na protoni, yaani haidrojeni isiyo na elektroni yake, iliyojishikiza kwenye oksijeni ya jirani. Protoni hiyo ni asidi, yenye nguvu na iliyofungwa ukutani. Asidi ya salfa ya wale Waholanzi ilikuwa kimiminika kinachoumbua ngozi na kula mitambo. Hii ni asidi iliyo ndani ya jiwe unaloweza kulishika.

Ethanoli ikiingia kichochoroni, protoni inaiparamia oksijeni yake. Oksijeni, ikiwa sasa na haidrojeni mbili, inageuka maji na kujiondokea. Kipande cha kaboni mbili kinabaki kimejibandika ukutani kwa kitambo kifupi, kisha kinaurudishia ukuta haidrojeni moja na kutoka kikiwa ethilini. Protoni imerudi mahali pake, inamsubiri mteja mwingine.

Kwa ethilini, ZSM-5 inafanya kazi hiyo kwenye nyuzi 200 hadi 300, chini ya oksaidi ya alumini, ambayo hupenda nyuzi 300 na kuendelea. Halafu haihitaji ethanoli kavu. Ukenekaji wa kawaida, yaani kuchemsha na kuukusanya mvuke, hukwama kwenye ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito; asilimia chache za maji zinazobaki hazitoki kwa kuchemsha tu. Anayetaka kuichanganya na petroli ya gari lazima ayatoe, na kichekesho ni kwamba hutumia zeolaiti nyingine, yenye matundu ya nanomita 0.3, yanayopitisha maji na kuizuia ethanoli. Anayetaka ethilini hana haja ya gharama hiyo. Maji kidogo yanamsaidia hata, kwa kuwa yanapunguza masizi, ule uchafu wa kaboni unaoziba vijitundu.

Pamoja na hayo, mitambo mikubwa ya kibiashara imeendelea kutegemea zaidi vichocheo vya jamii ya oksaidi ya alumini. Sioni ajabu. Kichocheo kinachokaa kazini muda mrefu bila kusumbua kinampendeza meneja kuliko kile kinachookoa nyuzi 100 za joto kisha kinaziba. Zeolaiti ina asidi kali, na asidi kali haijui kuacha: ikishamaliza kutoa ethilini, inaanza kuichezea.

Na hapo ndipo tunafika kwenye propilini, maana kule kwenye ethilini tabia hiyo ni kero, huku ndiyo tunayoitegemea.

Ethanoli ina kaboni mbili. Propilini ina tatu. Huwezi kufika tatu kwa kuvunja kitu cha mbili, na huwezi kuunganisha mbili na mbili ukapata tatu. Lazima upande kisha ushuke. Ethilini mbili zinaungana kuwa butini yenye kaboni 4. Butini inaongeza ethilini nyingine, inakuwa mnyororo wa kaboni 6. Huo ukikatika katikati, umepata propilini mbili. Ethilini tatu zimezaa propilini mbili, na hesabu ya kaboni imekaa sawa: sita kwa sita.

Kwenye karatasi ni safi. Ndani ya kichochoro hakuna anayemwambia mnyororo ukatike wapi. Ule wa sita unaweza kuongeza ethilini nyingine ukawa wa nane, ukakatika nne kwa nne au tano kwa tatu. Unaweza kujikunja ukajifunga pete, ukapoteza haidrojeni, ukawa benzini au ndugu zake. Haidrojeni hizo zilizopotea hazitupwi: zinanyakuliwa na olefini za jirani, ambazo zinapoteza ule mkono wa ziada na kugeuka gesi za kawaida kama propani, inayofaa kupikia lakini haifai kuwa kiti. Kwa hiyo kila pete moja inayojifunga inaua olefini kadhaa. Pete zenyewe zikiunganaungana zinakuwa masizi, na masizi yanaziba njia.

Kwa maoni yangu kiini cha tatizo ni hiki: kati ya olefini zote, ethilini ndiyo mvivu kuliko wenzake mbele ya asidi. Butini, na minyororo iliyo juu yake, huchangamka mapema zaidi. Ili uiamshe ethilini ianze kuungana inabidi upandishe joto hadi nyuzi 450 au 550, na kwenye joto hilo wale wakubwa tayari wanakimbia. Ni kama kupika maharage na mchicha chungu kimoja kwa wakati mmoja. Utakapoyaona maharage yameiva, mchicha umeshakuwa uji. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu, na moto unaoitosha hatua ya kwanza unaziunguza zinazofuata.

Ndiyo maana kazi nyingi za maabara kwenye ZSM-5 hazihusu kuongeza nguvu ya kichocheo, bali kuipunguza kwa kipimo. Njia moja ni kuitawanya alumini, vituo vya asidi vikae mbalimbali, ili molekuli ikitoka kwenye kimoja isidakwe mara moja na kingine. Njia nyingine ni kuipaka fosforasi, ambayo huvipoza vile vituo vikali mno na kuisaidia alumini isitoke ukutani. Wengine wanaongeza zirikoni au lanthani. Pamoja na ufundi wote huo, mavuno ya propilini kwa kawaida hucheza kati ya asilimia 20 na 30 ya kaboni iliyoingia. Nyingine inabaki ethilini, butini, pete na gesi, ambazo lazima mtu azitenganishe kwa mitambo ya bei ghali.

Na maji, yale tuliyoyaita msaidizi, kwenye joto hili yanageuka adui. Kila molekuli ya ethanoli inaleta ya kwake, kwa hiyo hata ukianza na ethanoli kavu kabisa, kichocheo kinaoga mvuke mkali saa zote. Mvuke huo unaichomoa alumini kutoka ukutani, kituo kimoja baada ya kingine. Masizi yana dawa: unasimamisha ethanoli, unapitisha hewa, yanaungua, jiwe linarudi jeupe. Alumini iliyochomoka hairudishwi kwa moto, na kila ukichoma masizi unatengeneza mvuke mwingine wa kuichomoa zaidi.

Mtu atauliza: mbona Wachina wamefanikiwa? Kweli, mwaka 2010 kiwanda cha Baotou, Mongolia ya Ndani, kilianza kutoa olefini kwa kiwango cha tani 600,000 kwa mwaka, ethilini na propilini kwa pamoja, kwa teknolojia iliyotoka taasisi ya utafiti wa kemia ya Dalian. Lakini wao wanatumia methanoli, tena ya makaa ya mawe, yenye kaboni moja. Kichocheo chao, SAPO-34, kina vyumba vyenye madirisha ya nanomita 0.38 tu. Ndani ya kila chumba hujifungia pete ambayo haiwezi kupita dirishani. Methanoli inaining'inizia kaboni mojamoja, na pete inazidondosha zikiwa zimeunganishwa mbili au tatu. Wanene wanabaki ndani, wembamba wanatoka. Ethanoli ukiiingiza kwenye vyumba hivyohivyo, kwa sehemu kubwa inakupa ethilini tu. Imekuja na kaboni zake mbili zimeshashikana, na mara ikishaacha maji haina haraka ya kufanya lolote zaidi.

Kuna njia ya kukata kona: acha zeolaiti ifanye ethilini peke yake, kisha katika mtambo wa pili geuza sehemu ya ethilini hiyo kuwa butini, na katika mtambo wa tatu kutanisha butini na ethilini zibadilishane vipande zitoke propilini mbili. Kila hatua ina kichocheo chake na joto lake: maharage chungu chake, mchicha sufuria yake. Ni safi zaidi, ila umejenga mitambo mitatu badala ya mmoja, na ndoto ya watu wa zeolaiti ni kumaliza yote kwenye chungu kimoja.

Je, kwetu? Ethanoli tunaitengeneza, kwa mfano Muhoroni nchini Kenya na Kilombero Tanzania, kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Chukua kiwanda cha ukubwa wa Triunfo kilipoanza. Kinahitaji zaidi ya lita milioni 400 za ethanoli kwa mwaka. Tani moja ya molasi hutoa kama lita 250, na tani moja ya miwa huacha molasi kilo 40 hivi. Ukizidisha, unahitaji molasi ya tani milioni 40 za miwa, wakati mwaka mzuri wa Kenya nzima hucheza karibu na tani milioni 9. Brazili haina shida hiyo kwa sababu inavuna zaidi ya tani milioni 600 na kuichachusha juisi yenyewe, si makapi; tani ya miwa inawapa lita 80 badala ya 10. Kwa hiyo anayekuambia molasi yetu itatupa plastiki ya kutosha hajazidisha. Kwa ethilini ya kuivishia ndizi inatosha na kubaki.

Kosa jingine ni kuamini kwamba plastiki ya miwa huoza. Polithini iliyotoka kwenye miwa ni polithini, haina tofauti ya umbo wala tabia na ile ya mafuta. Mfuko wa kubebea uliotengenezwa kwayo umepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, sawasawa na mwingine wowote. Afisa wa mpakani Namanga akikushika nao, hoja ya kwamba umetoka shambani haitakufaa, na wala hana njia ya kuithibitisha kwa macho, kwa kuunusa wala kwa kuuchoma. Kipo kipimo kimoja tu cha uhakika: kuhesabu kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua polepole kwa maelfu ya miaka. Ile ya miwa bado inayo, kwa kuwa mmea uliivuta hewani juzi tu. Ile ya mafuta ilishaimaliza yote chini ya ardhi.